Sura ya Nne: Kasike ya Pili

Kwa Kifaransa neno casque hubeba mizigo miwili. Ni kofia ngumu ya mpanda pikipiki, na pia ni kile chombo cha kusikilizia muziki kinachokumbatia kichwa na kufunika masikio. Neno hilo lilipoingia katika maongezi ya Kigali likawa kasike, na mizigo yake yote miwili likaja nayo. Kwa hiyo abiria anayeshuka kwenye pikipiki pale Remera saa moja asubuhi anaweza kuvua kasike na bado akabaki na kasike. Ya kwanza ni ya dereva, na sheria ndiyo inayomvisha. Ya pili ni yake mwenyewe. Kainunua mjini baada ya kuvutana bei, inaning'inia shingoni, na kwa saa nzima inayofuata ndiyo itakayoamua kama mwimbaji Bruce Melodie atasikika kama mtu aliyesimama mbele yake au kama mtu anayeimba ndani ya pipa.

Sura hii ni ya kasike hiyo ya pili, tena ile ya bei nafuu yenye mgongo uliozibwa.

Mafundi wa sauti huzigawa kasike katika koo mbili. Ukoo mmoja una mgongo wazi: nyuma ya kila sikio kuna matundu au wavu, hewa inapita, na muziki unasikika kama umetandazwa chumbani. Sennheiser wa Ujerumani ndio walioupa ukoo huo umaarufu mwaka 1968 kwa HD 414, chombo chepesi chenye sponji za manjano ambazo hata mtu asiyejua lolote kuhusu sauti alizikumbuka. Ubaya wake ni kwamba matundu hayana siri. Kelele za nje zinaingia, na muziki wako unatoka. Ukoo wa pili umezibwa nyuma kabisa, na huo ndio unaotawala Kigali, kwa sababu msikilizaji wa Kigali ana mambo mawili ya kukabiliana nayo: basi na jirani.

Huyo jirani ana nguvu za dola nyuma yake. Machi 2018 viongozi wa wilaya ya Nyarugenge walizuia misikiti kuadhini kwa vipaza sauti, na hiyo ilikuwa baada ya makanisa zaidi ya 700 ya Kigali kufungwa, sababu zikitajwa kuwa usalama wa majengo na kelele. Tangu Septemba 2023 baa na kumbi za starehe zinatakiwa kufunga saa saba usiku siku za kazi na saa nane mwishoni mwa juma. Mtu anayetaka besi ya kutikisa mbavu katika mji kama huu amebakiwa na chumba kimoja tu ambacho hakuna mgambo atakayekigongea mlango, nacho ni ile nafasi iliyo kati ya mito miwili ya sponji.

Vyumba hivyo vinauzwa kwa wingi Nyarugenge, katika maduka yanayozunguka jengo la CHIC na mitaa ya Matewusi. Kabati la kioo mara nyingi lina mpangilio uleule. Chini kuna P47, ile kasike ya kukunja isiyo na waya, yenye redio na tundu la kadi, inayoonekana kuanzia Mombasa hadi Goma. Juu yake ziko za oraimo, jina la kampuni ya Transsion ya Shenzhen, ileile inayotengeneza simu za Tecno. Kisha Sony chache za waya. Na mahali pa heshima, chini ya taa, zimekaa zile zenye herufi b nyekundu, ambazo muuzaji hukuapia bila kupepesa: “Bosi, hii orijino kabisa.”

Kuhusu hiyo herufi kuna kisa kinachostahili kusimuliwa. Mwaka 2015 mhandisi mmoja wa kampuni ya Bolt ya Marekani alizifungua kasike za Beats ili akadirie gharama ya vipuri vyake. Ndani alikuta vipande vya chuma ambavyo, kwa hesabu yake, kazi yake kubwa ilikuwa kuongeza uzito, ili mkono wa mnunuzi udhani umeshika kitu cha maana. Habari ikaenea dunia nzima. Baadaye ikabainika kwamba kile alichokifungua kilikuwa feki. Mhandisi aliyezoea kuvichambua vyombo skrubu kwa skrubu alikuwa ameuziwa bandia, sembuse mteja aliyesimama kaunta huku foleni ya basi inamngoja. Uzito si ushahidi, wala kisanduku kinachong'aa si ushahidi. Ushahidi ni sikio, nalo linahitaji kujua linatafuta nini.

Ndani ya kila upande wa kasike kuna kiwambo: utando mwembamba wa plastiki, kwa kawaida wa upana wa milimita 30 hadi 40, uliogandishwa kwenye koili ya waya mwembamba iliyo karibu na sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, kiwambo kinacheza mbele na nyuma. Neno la Kiswahili limetua mahali pake hapa, maana kiwambo ni kitu kilichowambwa, kama ngozi ya ngoma. Tofauti ni kwamba hii inapigwa na umeme badala ya mkono. Mbele yake liko sikio. Nyuma yake kuna kikombe cha plastiki kilichozibwa, na humo ndimo matatizo yanamozaliwa.

Kila kiwambo kinapotoa sauti mbele, kinatoa sauti ileile nyuma. Kwenye mgongo wazi sauti ya nyuma inakwenda zake. Kwenye mgongo uliozibwa haina pa kukimbilia. Inagonga ukuta wa kikombe, inarudi, na sehemu yake inapenya tena kwenye kiwambo na kufika sikioni imechelewa, ikijichanganya na muziki uliokwisha kupita. Mtengenezaji mwenye nafasi ya kutumia pesa hufanya kikombe kiwe kizito, hujaza pamba au sponji, na hutoboa vitundu vidogo vilivyofunikwa karatasi ili hewa ipumue kwa kipimo. Asiye na nafasi hiyo huacha plastiki nyembamba na utupu. Kuna njia ya kupima isiyohitaji chombo chochote: vaa kasike bila muziki, kisha gonga mgongo wake kwa ukucha. Ikitoa mlio mfupi uliokauka, kuna kazi iliyofanyika ndani. Ikivuma kama kopo, basi itavuma na wimbo pia.

Mvumo huo mara nyingi hukaa kati ya hezi 150 na 400. Huko ndiko kuliko mwili wa sauti ya binadamu, gitaa la kati na ngoma za mkono. Kukivimba huko, kila kitu kinapata unene usio wake. Mwimbaji wa kiume anasikika kama ana mafua. Maneno hayapotei, ila yanavaa koti zito. Wapenzi wa sauti huita hali hiyo tope, na mtu aliyewahi kupita njia ya udongo mwekundu ya Kigali mwezi wa Aprili hahitaji kuelezwa zaidi.

Jambo la pili linawashangaza watu wengi, kwa sababu linahusu kichwa cha mnunuzi kuliko kiwanda. Wimbi la sauti la hezi 50 lina urefu wa karibu mita saba. Haliwezi kuenea ndani ya kikombe cha kasike. Kinachotokea ni mgandamizo: kiwambo kinaibana hewa iliyonaswa kati yake na ngoma ya sikio, kisha kinaiachia, mara 50 kwa sekunde. Mfano wake ni mvukuto wa mhunzi. Mvukuto mzima unapuliza hadi makaa yanang'aa. Wenye tundu unapumua pembeni, na mhunzi anatoka jasho bure. Kasike iliyozibwa ikipata mwanya wa milimita chache kati ya mto na ngozi, besi inavuja na kuisha, huku sauti nyembamba zikibaki kama zilivyokuwa.

Miguu ya miwani hutosha kuleta mwanya huo. Misuko minene pia inatosha. Mtandio uliopita chini ya mto unatosha, na ndiyo maana msichana wa Biryogo anayevaa kasike juu ya mtandio na kaka yake anayevaa ileile kichwa wazi wanaweza kubishana jioni nzima kama ina besi au haina, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Kila mmoja anasikia chombo tofauti. Anayetaka kujua yuko upande gani aweke wimbo wenye besi nzito, kisha abane vikombe vyote viwili taratibu kwa viganja. Besi ikipanda ghafla, kuna mahali panavuja. Aisogeze misuko, aupitishe mtandio juu ya kikombe badala ya chini, au auinamishe mguu wa miwani kidogo. Hilo ni rekebisho la kwanza, halina gharama, na hakuna programu inayoweza kulifanya kwa niaba yake.

Lakini sauti sahihi ni ipi? Swali linaonekana la kifalsafa, ila lina jibu la vipimo. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, umezibwa upande mmoja na ngoma ya sikio na uko wazi upande mwingine. Ni kama filimbi fupi. Kama filimbi yoyote ile, una mlio wake, ulio karibu na hezi 3,000. Spika ikipiga mbele ya mtu, sikio lake lenyewe linaongeza nguvu hapo, na ubongo umeizoea nyongeza hiyo tangu utotoni. Kasike inakaa juu ya sikio na kuivuruga njia hiyo ya asili, kwa hiyo ni lazima irudishe nyongeza yenyewe. Kasike iliyonyooka kabisa kwenye vipimo, isiyopandisha wala kushusha chochote, inasikika imepooza na iko mbali.

Wahandisi wa Harman nchini Marekani, wakiongozwa na Sean Olive na Todd Welti, walianza kuchapisha majaribio yao kuhusu jambo hili miaka ya 2012 na 2013. Waliwaketisha wasikilizaji wa rika na nchi mbalimbali, Marekani, Kanada, Ujerumani na China, bila kuwaonyesha jina wala umbo la kinachopimwa, wakawaachia wachague. Ladha zilikaribiana kuliko ilivyotarajiwa. Wengi walipenda besi iliyonyanyuliwa kidogo chini ya hezi 105 hivi, katikati iliyotulia, na kilima karibu na hezi 3,000. Mstari huo ukaitwa shabaha ya Harman. Katika kazi yao ya mwaka 2018, asilimia 64 ya wasikilizaji waliuchagua ulivyo, asilimia 15 walitaka besi zaidi, na asilimia 21 walitaka pungufu. Yule kijana wa basi la Kimironko anayetaka besi mpaka meno yagongane yuko ndani ya ile asilimia 15. Si mgonjwa, ila pia si wengi kama anavyodhani.

Kwa mwenye mfuko mwepesi kuna utafiti mwingine mtamu zaidi. Mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha katika jarida la chama cha wanaakustika wa Marekani uchambuzi wa vipimo vya vifaa 283 vya kusikilizia, vya kuziba tundu la sikio, vya kukaa juu ya sikio na vya kulizunguka. Alilinganisha umbo la sauti ya kila kimoja na bei yake dukani. Hakuona uhusiano. Cha bei mbaya kiliweza kuwa kibovu na cha bei rahisi kikawa kizuri, kana kwamba mtu alitupa mawe gizani. Hii haina maana kwamba pesa haifanyi kitu: pesa hununua bawaba isiyovunjika, mto usiochoma, waya unaobadilishwa. Sony MDR-7506, iliyotoka mwaka 1991 na ambayo bado inaning'inia katika studio za redio duniani kwa dola mia moja hivi, na Audio-Technica ATH-M20x iliyokuja mwaka 2014 kwa dola 49, zote ni za mgongo uliozibwa, na zote zinaaibisha vyombo vya bei mara tatu. Ila umbo la sauti, yaani kipi kimepanda na kipi kimeshuka, ni uamuzi wa mtu aliyeketi kiwandani. Uamuzi wa mtu unaweza kutenguliwa na mtu mwingine.

Chombo cha kuutengua kinaitwa ikwalaiza, na simu nyingi za Android tayari zinayo. Ile ya kawaida ina vitufe vitano vya kutelezesha, kwenye hezi 60, 230, 910, 3,600 na 14,000. Watu wengi huifungua mara moja maishani, wanachagua neno linalovutia, “Bass Boost” au “Rock”, kisha hawarudi tena. Hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kuiharibu kasike ambayo ingeweza kuokolewa. Majina hayo yalipangwa na mtu asiyejua umevaa nini. Kasike nyingi za bei nafuu zimetoka kiwandani na besi iliyovimba, kwa sababu dukani besi ndiyo inayouza. Kuiongezea “Bass Boost” ni kumimina maji kwenye tope.

Njia bora huanza kwa kupunguza. Chukua wimbo wa inanga ya minong'ono ya Burundi, na hapa uchaguzi wa wimbo si wa bahati nasibu. Inanga ni ubao uliochimbwa kama sinia refu na kutandikwa nyuzi, unaojulikana Rwanda na Burundi. Katika mtindo huo wa Burundi mwanamuziki haimbi kwa sauti bali ananong'ona, na uzi mzito ndio unaoupa mnong'ono wake lahani. Kwa kupimia kasike ni vigumu kupata kitu bora zaidi. Mnong'ono ni pumzi tupu iliyo katikati na juu; uzi ni mvumo ulio chini. Kasike nzuri inavitenganisha, ukasikia mtu na ubao. Kasike yenye tope inavigandisha pamoja, mnong'ono ukazama ndani ya uzi kama sukari kwenye uji.

Shusha kitufe cha 230 kwa desibeli tatu, kisha sikiliza dakika nzima. Kwanza utadhani umepoteza kitu. Sikio limeshazoea unene. Vumilia. Baada ya nusu dakika mnong'ono unaanza kujitoa, na nyuma yake linasikika jambo ambalo halikuwepo: ukucha ukigusa uzi kabla uzi haujalia. Shusha desibeli moja zaidi. Sauti ikianza kukonda na kuwa kama ya simu ya zamani, rudisha. Sasa nenda 3,600 na upandishe desibeli mbili, ikiwezekana tatu. Mnong'ono unasogea mbele. Hapo ndipo yalipo maneno yenyewe: simu za waya zilipitisha kuanzia hezi 300 hadi 3,400 tu, na bado watu walitongozana, walifiwa na waliuziana ng'ombe kupitia upana huo bila kukosa neno. Kitufe cha 60 kinafuata mwisho, na ni kwa yule tu aliyekwisha kuhakikisha mito haivuji. Cha 14,000 ni heri kiachwe. Kwenye kiwambo cha bei nafuu huko juu pana vurugu, na kukipandisha ni kuziongezea nyimbo za karahanyuze, zile za zamani za Rwanda, mchakacho wa kanda. Orchestre Impala, bendi ya nyimbo hizo, walirekodiwa kwa mitambo ya miaka yao. Kuzidisha huko juu hakuwarudishi jukwaani, kunarudisha kanda tu.

Kuna mtego mmoja ambao umewanasa hata mafundi. Kinachosikika kwa sauti kubwa zaidi hudhaniwa kuwa ndicho bora. Kwa hiyo ukilinganisha kabla na baada, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti, la sivyo utakuwa unapima nguvu na kuiita uzuri. Mtego mwingine ni wa kupandisha bila kulipa. Wimbo wa siku hizi umeshajazwa hadi ukingoni. Ukiongeza desibeli sita kwenye besi hauna pa kuziweka, na vilele vya mawimbi vinakatwa. Sikioni inakuja kama mpasuko, kila ngoma inapopigwa. Dawa yake ni kushusha sauti nzima kwa desibeli zilezile sita kwanza, kisha kupandisha ulichotaka. Programu zenye uangalifu zina kitufe cha kazi hiyo.

Aliye tayari kwenda mbali zaidi atakutana na jina la Jaakko Pasanen, Mfini aliyeanzisha AutoEq, mradi wa bure unaochukua vipimo vya maelfu ya kasike na kukokotoa marekebisho ya kila moja. Wavelet, programu ya Android, imeyabeba marekebisho hayo: unaandika jina la kasike yako, na mstari unajipanga. Kwa kompyuta za Windows kuna Equalizer APO, ya bure pia. Kwa ATH-M20x halisi kazi hii ni ya dakika mbili. Kwa ile yenye herufi b nyekundu iliyonunuliwa kwa kuapiwa, ni hatari, maana marekebisho yalikokotolewa kwa chombo kingine kilichovaa jina hilohilo. Ni sawa na kuvaa miwani ya daktari iliyoandikiwa mtu mnayefanana naye majina.

Aliye na ya bandia, au isiyo na jina, atajitegemea. Apige mlio unaopanda polepole kutoka chini hadi juu, ambao programu za bure huutoa, kwa sauti ya chini, na asikilize wapi unachoma. Kasike nyingi za plastiki zina mwiba mahali fulani kati ya hezi 5,000 na 9,000. Lugha za eneo hili hazifichi mwiba huo. Kiswahili kina s, z na sh za kutosha, na Kinyarwanda kina michanganyo kama ya neno Gashyantare, mwezi wa Februari, au icyumweru, yaani wiki. Msomaji wa habari akitamka maneno hayo na sikio likajikunja, mwiba ni huo. Vitufe vitano havitaufikia. Unahitaji ikwalaiza inayokubali kuchagua mahali na upana, ili ukate hapo tu, kwa wembamba, desibeli nne au tano, bila kuwagusa majirani zake.

Yapo ambayo hayarekebishiki. Upande wa kushoto ukiwa hafifu kuliko wa kulia kwa namna isiyo sawa, mwimbaji anahama kichwani kila noti inapobadilika. Rudisha dukani siku hiyohiyo. Kiwambo kinachotetemeka vibaya na kukwaruza kwenye besi hakitaacha kwa kuongezewa. Kitaacha kwa kupunguziwa, na wewe utakuwa umenunua kasike isiyo na besi. Mvumo wa kopo nao hupungua kwa ikwalaiza, lakini mkia wake unabaki, kwa sababu tatizo liko kwenye muda pia. Na zipo kasike nzuri zisizofaa kwa simu: DT 770 Pro ya Beyerdynamic hutengenezwa kwa ukinzani wa omu 32, 80 na 250, na anayenunua ile ya 250 kwa kuona namba kubwa ataishia na muziki unaosikika kama uko nyumba ya pili, hadi anunue amplifaya.

Basi linabadilisha hesabu yote. Kikombe kilichozibwa kinazuia vizuri sauti nyembamba, mazungumzo na honi, lakini mngurumo wa injini, ulio chini ya hezi 200, unakipita karibu bila kubisha hodi. Mngurumo huo unaimeza besi ya muziki. Mtu aliyeirekebisha kasike yake usiku, kitandani Gikondo, akiwa na kimya cha kusikia jokofu, atapanda basi asubuhi na kudhani besi imeibiwa. Haijaibiwa, imefunikwa. Ndiyo maana kwa safari inafaa kuwa na mpangilio wa pili, wenye desibeli tatu au nne za ziada kwenye 60, na kuurudisha ule wa kwanza mtu akifika nyumbani.

Wengi hufanya jambo jingine: wanapandisha sauti yote. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli tatu zinazoongezeka zinaukata muda huo nusu: 83 kwa saa 20, 86 kwa saa 10, 89 kwa saa tano. Mtu wa Kimironko anayekwenda mjini na kurudi kila siku, akikaa kwenye foleni asubuhi na jioni, anazimaliza saa tano hizo kabla ya Alhamisi. Kumwongezea besi ile iliyofunikwa, badala ya kumwongezea kila kitu, kunamwachia desibeli kadhaa za akiba.

Ikifika miezi kadhaa ya jasho na jua, ngozi bandia ya mito inaanza kubanduka. Vipande vyeusi vinabaki masikioni na kwenye kola ya shati jeupe, na pale vilipobanduka hewa inapita. Mwenye kasike atasema imechoka, kwamba besi yake siku hizi si ile. Kiwambo kiko palepale na sumaku iko palepale, mvukuto umetoboka. Mito mipya ya saizi yake hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei ya kasike nzima, ikivutwa ukingoni na kuingizwa kwenye mfereji wake wa plastiki kwa kidole gumba, kazi ya dakika kumi na matusi mawili. Ikiwa minene kuliko ya zamani, sikio linakaa mbali zaidi na kiwambo, na vile vitufe vitano vinarudi kazini upya, kuanzia cha 230.